Jozi Moja Imebaki Ngazini

Wifi yangu tulimpachika jina la Kiguu na Njia kabla hajamaliza mwezi mmoja kwenye ukoo wetu, na hakuna aliyemwonea. Ukimkaribisha kiti, atakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Ukimpa chai, atainywa amesimama, jicho kwenye kabati lako, akitafuta kitu cha kupanga. Siku kaka yangu alipomleta kumtambulisha, nilitoka jikoni nikamkuta amekwisha kukunja nguo zote zilizokuwa juu ya kochi, zikiwemo za ndani za baba, na baba mwenyewe amekaa palepale akijitia anasoma gazeti. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha. Aliniuliza kabati liko wapi.

Kukunja ndiyo kazi yake. Ana miaka kumi na minane katika chumba cha kufulia cha hospitali, nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotazamana na bahari. Mle ndani kuna mashine nne kubwa zenye milango ya mviringo. Moja ilikufa siku nyingi na sasa wanahifadhia sabuni. Kuna pasi ya roli mbili za moto, wewe unailisha shuka upande huu na mwenzako anaipokea upande ule, na ole wako usahau kidole. Kuna meza ya kukunjia yenye urefu wa vitanda viwili. Wifi yangu anaweza kufumba macho, akashika shuka, akakwambia hii ni ya wodi ya wazazi na hii ya wanaume. Zile za kijani za chumba cha upasuaji anazikunja peke yake. Hataki mtu aziguse.

Mimi ni karani wa shule, kazi yangu ni kukaa. Nakaa kwenye kiti kimoja kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, naandika barua za wazazi na kugonga mihuri, na mgongo wangu unanilipa ninavyostahili. Halafu nina hasira za karibu. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Kwa hiyo mtu asiyetulia na mtu asiye na subira, walipokutanishwa chumba kimoja, unaweza kujua walivyoishi. Tulipendana, lakini kwa mbali kidogo ilikuwa nafuu.

Mwaka juzi, mvua zilipokwisha, kutotulia kwake kukavuka mpaka. Alianza kunigongea mlango alfajiri kuniomba chekeche, na mkononi ameshika chekeche lake. Alipaka rangi kuta za chumba cha kulala, akazichukia, akazipaka tena. Kitanda alikihamisha mara tatu katika wiki moja. Kaka yangu, fundi wa magari, mtu mpole asiyependa maneno, alikuja kazini kwangu na uvimbe kwenye paji la uso. Aliniambia kwamba siku hizi akiamka anaelekea mlangoni na kukutana na ukuta. Nilimbana kwa maswali, nikijua kuna jambo amemfanyia mke wake. Aliapa hana kosa. Nilimtazama machoni nikaona kweli hana, ila usingizi.

Ndipo nikaamua kumpeleka wifi yangu baharini.

Kuna ngazi za saruji chini ya ghala la zamani la barafu, zinashuka hadi majini. Sisi tulikuwa wanawake sita tuliokuwa tukiogelea pale kila siku isipokuwa Jumapili, tangu saa kumi na mbili kasoro hadi karibu saa moja, kisha kila mtu anakimbilia kazini kwake nywele zimelowa. Mimi nilipelekwa na mgongo. Mkuu wetu alikuwa Mkunga, mama mstaafu aliyewazalisha nusu ya watu wa mtaa wetu na bado anawatazama watu wazima kana kwamba anakumbuka uzito wao. Alikuwepo Fundi Umeme, binti mwenye mikono ya chuma, anayepanda nguzo bila hofu lakini hajawahi kutia uso majini. Alikuwepo na yule tuliyemwita Bibi Harusi, kwa sababu aliogelea na nywele amezifunga kwenye mfuko wa nailoni na hakuruhusu tone lizifikie. Wawili waliobaki walikuwa ndugu, wauza vitambaa, na walizungumza wao kwa wao tangu wanaingia hadi wanatoka. Gauni zetu zilikuwa kuukuu, suruali za kubana zimechujuka. Hakuna aliyemcheka mwenzake, au tuseme tulichekana wote kwa usawa.

Sheria yetu ilikuwa moja. Kandambili unaziacha kwenye ngazi ya tatu, mstari mmoja, vidole vikitazama mtaani. Ukitoka majini, vaa zako mara moja. Maana kandambili zikiwa ngazini, mwenyewe yumo majini, na hakuna anayeondoka mpaka ngazi iwe tupu. Sheria hiyo ilitokana na Bibi Harusi. Zamani kidogo alikazwa na msuli wa mguu akabaki ameng'ang'ania nguzo ya boya, na wenzake wakaziona kandambili zake wakasema huyu naye kwa kusahau, wakazibeba wampelekee nyumbani. Walipofika kwake na kumkosa ndipo walipokimbia kurudi. Walimkuta midomo imegeuka rangi. Mfuko wa nywele ulikuwa mkavu, na hilo alilitaja kila aliposimulia.

Siku ya kwanza wifi yangu alizipanga upya kandambili zetu zote, kubwa kushoto, ndogo kulia. Kisha akaingia majini akapiga mateke kama mtu anayekimbizwa. Kuogelea alijua kidogo, kuelea hakujua kabisa. Kila Mkunga alipomlaza chali, alianza kuchezesha miguu, kunyoosha gauni, kuuliza saa, akazama. Ilimchukua Mkunga wiki nzima. Mwishowe alimwekea vidole viwili tu chini ya mgongo, akamwambia kwa sauti ile ya chumba cha uzazi:

"Acha kunisaidia. Nimekushika."

Wifi yangu akaacha. Nimemfahamu miaka ishirini na sijawahi kumwona ametulia, hata usingizini, maana kaka yangu anasema hukunja blanketi akiwa amelala. Siku ile alilala juu ya maji, mikono imefunguka, macho yanatazama juu, na wale wauza vitambaa wakanyamaza. Alipotoka alinishika mkono kwa nguvu. Hakusema asante, naye si mtu wa asante, lakini kesho yake alifika wa kwanza.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Nyumbani kitanda kilikaa mahali pamoja. Kaka yangu akaanza kunenepa. Mimi nikajipongeza, nikasema wallahi mimi ni daktari, mgonjwa nimemponya kwa maji ya chumvi bila hata kumwuliza anaumwa nini. Na huko kutouliza ndiko kunakoniuma hadi leo.

Asubuhi moja tulikuwa tukibadili nguo nyuma ya ukuta wa ghala, kila mtu akipigana na taulo lake. Wifi yangu aliinua mkono. Mkunga, aliyekuwa karibu naye, akaliona kovu dogo jipya pembeni ya titi la kushoto, kuelekea kwapani. Hakushtuka. Alimuuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya, walimkata kinyama cha kupima lini, na aliambiwa akachukue majibu lini.

Wifi yangu akaanza kukunja taulo. Akajibu kwamba uvimbe aliuona tangu mvua zilipokwisha, kipimo alikifanya wiki tano zilizopita, na majibu yalikuwa tayari wiki tatu sasa. Kliniki iko hatua sitini kutoka meza yake ya kukunjia. Kila siku anapita mbele ya mlango wake na toroli la shuka, na sista wa pale humwita, naye hujibu nakuja, anasukuma toroli.

Nilipandwa na hasira za ajabu. Nilimwuliza kaka yangu anajua? Hajui. Mimi je, mimi ni nani, jirani? Wenzetu wakajitia wanatafuta vitana. Nilimwambia aende saa ileile, nitamsindikiza. Akasema kesho. Nikasema leo. Akaniangalia, mikono ikiendelea kukunja taulo lililokwisha kukunjika.

"Zile shuka za kijani nazikunja mimi," alisema. "Najua zinavyorudi."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, akamshika. Mimi nilifungua mdomo wangu huu.

"Kama umeamua kufa, basi kufa haraka, kaka yangu apate kujua moja."

Mkunga aliniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hulitumia tu nikiwa nimekosa sana. Nilibeba mfuko wangu nikapanda ngazi bila kuaga. Siku nzima ile niligonga mihuri kwa nguvu hadi mwalimu mkuu akachungulia kuuliza kuna nini. Nilitaka kumwambia kaka, nikanyanyua simu mara nne, nikaiweka. Nilitaka kumwomba wifi yangu radhi. Lakini kiburi nacho kina uzito wake, nikalala nacho.

Kesho yake alikuja. Mimi nilikuwa nimeshafika. Alizipanga kandambili kama kawaida, zake mwishoni kabisa, za bluu, kamba moja imeshonwa kwa uzi mweupe wa hospitali. Hatukusalimiana. Kwa desturi yetu tunaogelea wawili wawili, na mwenzangu ni yeye. Siku ile nilimpa mgongo nikaenda na Fundi Umeme hadi kwenye boya na kurudi, na tena, na tena. Nilijizuia nisigeuke, nikataka aone kwamba sijali.

Ilipokaribia saa moja tulitoka mmoja mmoja, kila mtu akavaa zake. Ngazini ikabaki jozi moja, ya bluu.

Fundi Umeme aliniambia alidhani wifi yuko na Mkunga. Mkunga alidhani yuko na wauza vitambaa. Wauza vitambaa walidhani yuko na mimi, na kwa nini wasidhani hivyo? Tukatazama maji. Yalikuwa yametulia, na hapakuwa na kichwa hata kimoja.

Sikumbuki nilivyorudi majini. Nakumbuka taulo langu likielea. Mkunga aligawa watu kwa sauti kavu, wewe huku, wewe kule, akamtuma Bibi Harusi kwa mlinzi wa ghala apige simu, lakini Bibi Harusi alikuwa ameshaingia, mfuko wa nailoni umemtoka na nywele zimemfunika uso, ikabidi aende muuza vitambaa mmoja. Fundi Umeme alisimama maji ya kifuani, akaziba pua, akazama kichwa chote. Akatoka anakohoa, akazama tena. Nilimwita wifi yangu kwa jina la utani, kwa jina lake, kwa jina la mama yake. Nilipapasa chini kwa miguu, nikikanyaga mawe na majani, na kila nilipogusa kitu laini nilizama kukishika. Na kichwani yalikuwa yakizunguka maneno yale mawili: kufa haraka. Nilikuwa nimemwagiza, naye alikuwa mtu asiyeacha kazi ikae.

Nadhani ilipita nusu saa. Mlinzi alishafika anapiga kelele kwamba boti inakuja. Ndipo nilipomwona.

Alitokea upande wa mawe, kule ukuta wa hospitali unakoishia, anatembea upesi kama kawaida yake. Alikuwa amevaa koti lake la kazini juu ya gauni lililolowa, miguu mitupu, na karatasi mkononi. Alipotuona tulivyo, akasimama.

Nilitoka majini kwa magoti. Niliokota kandambili yake moja nikamtupia kwa nguvu zangu zote, ikampata begani. Ya pili ilikwenda kombo ikampita mlinzi sikioni. Kisha nikakaa ngazini nikalia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni, na sioni haya kulisema.

Alikuja akakaa karibu yangu. Akakaa hasa, si ukingoni.

"Nilikuwa nimeelea," alisema, "nikaona ukuta wa hospitali. Nikajua nikipanda ngazi nivae viatu, nitaona taulo nilikunje. Nikishakunja langu nitakunja na yenu, saa itafika, nitakwenda kazini. Kwa hiyo nikatokea kule kwenye mawe, nikaenda nikiwa bado na nguvu."

Koti alikuwa amelichukua kwenye kamba nyuma ya chumba cha kufulia. Sista wa kliniki, ambaye huingia mapema kupanga mafaili, alimwona akidondosha maji sakafuni, hakumwuliza kitu, akamwendea daktari aliyekuwa anamaliza zamu. Karatasi ilisema tulichokiogopa. Ilisema pia kwamba ni kidogo bado, na kwamba wangemfanyia upasuaji Alhamisi.

Nilianza kumwomba radhi kwa yale maneno ya jana, yale niliyosema nyuma ya ghala.

"Maneno gani?" alisema. "Nilikuwa na maji masikioni."

Mkunga alitutazama sote, akaenda kuzileta zile kandambili mbili, moja huku na nyingine kule, akazitua miguuni pa wifi yangu. Alimwambia kwamba leo amevunja sheria. Asirudie. Halafu akageuka upande wa bahari akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko uso ulivyo.

Kaka yangu aliambiwa jioni ileile, na mkewe mwenyewe, sisi tukiwa nje ya dirisha, kwa sababu wifi alisema tukiwa ndani atatuandalia chai. Jumatano alikwenda kazini. Wenzake walimsihi apumzike, akakataa, akakunja shuka za kijani zitakazotumika kesho.

Alhamisi hatukuogelea. Tulikwenda sote, Mkunga akiwa mbele. Korido ya upasuaji ina mstari mwekundu sakafuni, na viatu vya nje haviruhusiwi kuuvuka. Wifi yangu alivua kandambili zake pale mstarini, vidole vikitazama tulikotoka, akapanda kwenye kitanda cha magurudumu. Hapo hapo akaanza kuvutavuta upindo wa shuka, akiuliza nani kaikunja hovyo namna hii.

"Wewe," Mkunga alimjibu.

Akacheka, lakini mikono haikukoma. Mkunga akamwekea vidole viwili chini ya mgongo. Niliona mabega yakishuka, mikono ikafunguka, wakamsukuma ndani mlango ukajifunga.

Sasa kama unataka kujua Kiguu na Njia hasa ni nani, ungekuja korido ile. Kaka yangu alikaa kwenye benchi akiuma njiti ya kiberiti, hatikisiki. Mimi nilipima ile korido kwa hatua, ishirini na sita kwenda, ishirini na sita kurudi. Nilisoma matangazo yote ya ukutani, nikayanyoosha yaliyopinda. Nilikunja sweta la Fundi Umeme, nikalikunjua, nikalikunja. Fundi Umeme aliniambia jina limepata mwenyewe mwingine, na Bibi Harusi akacheka hadi akaziba mdomo. Sikuweza hata kukasirika. Zile hatua zilikuwa zinanishika nisianguke.

Saa sita nesi kijana alitoka na mfuko wa plastiki. Kwa wema kabisa, aliinama akazitia kandambili za bluu ndani yake, akaniletea, akasema bado muda mrefu, kwa nini ndugu tusiende nyumbani kupumzika, tutapigiwa simu.

"Zirudishe," nilimwambia.

Hakuelewa. Alisema zitapotea pale. Nilimwambia, kwa upole ambao sikujua ninao, kwamba mwenyewe bado yumo ndani, na sisi hatuondoki zikiwa pale, na hatutaki ziondoke kabla yake. Aliwatazama wanawake sita na mwanamume mmoja mwenye njiti mdomoni. Akarudi mstarini akazitoa. Alizipanga vidole vikitazama mlango wa upasuaji. Nilimfuata nyuma nikazigeuza.

Mlango ulifunguliwa saa nane na robo. Daktari alitoka kwanza, akamwambia kaka yangu kwamba wametoa kila walichokiona, na kwamba mengine yatajulikana baadaye. Kisha kitanda. Wifi yangu alikuwa amelala chali, macho yamefumba, mikono imenyooka kando, shuka ya kijani hadi shingoni. Ametulia tuli. Miaka yote ile nilikuwa nikimwomba atulie, na sasa ningetoa chochote anyanyuke aanze kuhamisha benchi.

Tulisimama. Kitanda kilipovuka mstari mwekundu, mkono wake wa kulia ulisogea. Vidole vikatafuta upindo wa shuka, vikaukunja mara moja, vikaishiwa nguvu.

Ndipo nilipoinama nikaziokota kandambili zake.